Mtoto wa mbwa atoke lini nje ya lango? Kati ya hatari ya maradhi na hatari ya woga

Katika malango mengi ya Kampala, kama ilivyo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, hubandikwa kibao chenye maneno mawili: “Mbwa Kali”. Mwalimu wa sarufi angekisahihisha kiwe “Mbwa Mkali”, lakini hakuna mpita njia asiyeuelewa ujumbe wake. Nyuma ya lango hilo yumo mnyama ambaye, mara nyingi, aliletwa akiwa na wiki chache tu tangu kuzaliwa, akafungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na hakupata kuuona ulimwengu hadi siku lango liliposahauliwa wazi.

Siku hiyo hukutana na mambo ambayo hajawahi kuyaona: pikipiki ya bodaboda, mwanamke aliyebeba mzigo kichwani, watoto wanaokimbia wakitoka shule, mbwa wa jirani. Mmiliki humwita mkali. Wataalamu wa tabia za wanyama, kwa upande wao, husema kwamba mbwa wengi wa namna hiyo ni waoga, na kwamba anayeumwa kwa sababu ya woga wa mbwa huumia sawasawa na anayeumwa kwa sababu ya ukali.

Hivyo basi, mtoto wa mbwa atolewe lini nje, na kwa njia gani? Swali hili linawahusu wasikilizaji wetu wanaofuga mbwa kwa ajili ya ulinzi hapa Uganda, na linawahusu pia jamaa zao walioko Marekani, Kanada au Ulaya, ambako miji imetenga viwanja maalumu vya mbwa kukutana na kucheza. Jibu lake si rahisi, kwa kuwa kuna tahadhari mbili zinazovutana. Moja inasema: usimtoe mapema, ataambukizwa. Nyingine inasema: usimcheleweshe, ataharibika tabia. Zote mbili ni za kweli.

Wiki chache zisizorudi

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo una muda wake unaojulikana. Kuanzia wiki ya 3 hivi hadi wiki ya 12 au 14 tangu kuzaliwa, ubongo wa mtoto wa mbwa huwa tayari kupokea mambo mapya na kuyahesabu kuwa ya kawaida. Mtu, mtoto mchanga, ng'ombe, mwavuli, ngurumo ya lori: anachokutana nacho kwa utulivu katika kipindi hicho, huelekea kukizoea maisha yake yote. Kipindi kikishapita, kila kigeni huanza kutiliwa shaka.

Jambo hili lilithibitishwa kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1961 na watafiti Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, lililofanyika katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine nchini Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa ua mrefu, wakipewa chakula bila kukaribiana na watu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja tu ili wachezewe na kushikwa na binadamu, kila kundi katika umri wake, kisha wakarudishwa uwanjani. Wengine hawakutolewa kabisa hadi walipofikisha wiki 14. Wale waliopata wiki yao ya kukaa na watu wakiwa na umri wa kati ya wiki 5 na 9 walizoea binadamu vizuri. Wale ambao hawakuwahi kutolewa walibaki kama wanyama wa porini, na juhudi za baadaye za kuwazoesha hazikufua dafu.

Maana yake kwa mfugaji ni kwamba anayemfungia mtoto wa mbwa hadi atimize miezi 6 ili awe mlinzi hodari, huenda akapata mbwa asiyetofautisha mwizi na mgeni wa heshima, wala adui na mtoto wa nyumba ya pili. Mbwa anayejua hali ya kawaida ya mtaa ndiye anayeweza kutambua lisilo la kawaida.

Kwa nini daktari husema “subiri”

Ikiwa ndivyo, mbona madaktari wa mifugo huwaonya watu wasiwapeleke watoto wa mbwa mahali penye mbwa wengine? Sababu kubwa ni maradhi mawili.

La kwanza ni parvo. Virusi vyake vilijitokeza kwa mbwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia 1978 vilikuwa vimeanza kuenea duniani kote. Huwashambulia zaidi watoto wa mbwa: hutapika, huharisha damu yenye harufu kali, huishiwa maji mwilini, na asipotibiwa anaweza kufa katika siku chache. Ubaya wa virusi hivi ni ustahimilivu wake. Kinyesi cha mbwa mgonjwa kikishaoza na kusahauliwa, virusi hubaki udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Huweza kuingia nyumbani kwa soli ya kiatu. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anaweza kuambukizwa mahali ambapo siku hiyo hapana mbwa hata mmoja.

La pili ni distempa, linaloenea kwa matone ya pumzi na makamasi. Huanza kama mafua, macho yakitoa tongo, kisha hufuatwa na kikohozi, na mwisho degedege. Afrika Mashariki inaufahamu ugonjwa huu kwa tukio la kusikitisha: mwaka 1994 ulizuka miongoni mwa simba wa Serengeti, na takriban simba 1,000, yaani theluthi moja ya waliokuwepo, wakafa. Watafiti waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mbwa asiyechanjwa, kwa hiyo, si hatari kwa mbwa wenzake peke yao.

Chanjo za maradhi haya zipo. Kwa nini basi dozi moja haitoshi? Mtoto wa mbwa anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, hupokea kingamwili zinazomlinda wiki za mwanzo. Kingamwili hizo hizo huizuia chanjo isifanye kazi, kwani huidhania kuwa ni adui aliyeingia. Hupungua kidogo kidogo, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama tu mnyama ni siku gani zimekwisha. Kwa watoto wengine huisha mapema, kwa wengine hudumu hadi karibu wiki ya 16. Baina ya kinga ya mama kudhoofika na kinga ya chanjo kushika, upo upenyo ambamo mtoto hana ulinzi wa kutosha.

Ndiyo sababu Chama cha Madaktari wa Wanyama Wadogo Duniani, WSAVA, kinashauri chanjo zianze kati ya wiki ya 6 na ya 8, zirudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho katika mfululizo huo itolewe mnyama akiwa na wiki 16 au zaidi. Mfugaji anayechanja mara moja akiwa na wiki 6 na kuona kazi imekwisha, kwa hakika amemwacha mnyama wake katikati ya upenyo huo.

Njia ya katikati

Tazama sasa ugumu wenyewe: chanjo hukamilika wiki ya 16, wakati dirisha la kujifunza ulimwengu hufungwa wiki ya 12 au 14. Anayesubiri chanjo ya mwisho ndipo amtoe mnyama nje amesubiri kupita wakati. Anayemwachia azurure mtaani akiwa na wiki 8 anabahatisha uhai wake.

Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa msimamo kuhusu jambo hili. Kinasema mtoto wa mbwa anaweza kuanza mafunzo ya kukutana na wenzake akiwa na wiki 7 au 8, mradi awe amepata angalau dozi moja ya chanjo siku 7 kabla, awe amepewa dawa ya minyoo, na mahali penyewe pawe safi. Sababu inayotolewa ni nzito: kwa mbwa walio chini ya miaka 3, matatizo ya tabia, yanayowafanya watu kuwatupa au kuwaua, huondoa uhai wa wengi kuliko magonjwa ya kuambukiza.

Kwa mfugaji wa Kampala, Jinja au Mbarara, hilo linaweza kutekelezwa bila gharama. Mbebe mtoto wa mbwa mikononi au ndani ya kikapu, uketi naye kando ya njia kwa dakika 10, asikie bodaboda na aone watu wakipita, bila kukanyaga udongo. Waalike nyumbani watu wa namna mbalimbali: wazee wenye bakora, wanawake waliovaa mabuibui, mafundi wenye kofia ngumu, watoto waliofundishwa kumsogelea taratibu. Mkutanishe na mbwa mkubwa mpole wa rafiki ambaye kadi yake ya chanjo umeiona kwa macho yako, ndani ya ua ambamo hakujatokea ugonjwa. Mzoeshe kuguswa miguu, masikio na meno, ili siku ya daktari isiwe siku ya vita.

Kinachoepukwa katika wiki hizo ni majalala, masoko, mitaro, na kiwanja chochote ambacho mbwa wasio na mwenyewe hupita.

Bustani ya mbwa ni nini, na huingiwaje?

Wasikilizaji walio na jamaa ng'ambo huenda wamesikia habari za bustani za mbwa. Mojawapo ya zile za mwanzo zinazotajwa ni bustani ya Ohlone, mjini Berkeley katika jimbo la California, iliyofunguliwa mwaka 1979. Ni uwanja wenye ua, ambamo mbwa hufunguliwa kamba wakimbie na kucheza, wenye mbwa wakiwa wamesimama karibu. Katika miji ambayo sheria inakataza mbwa kutembea bila kamba, mahali hapo humpa nafasi ya kukimbia kwa uhuru.

Mhamiaji aliyechukua mtoto wa mbwa na kutaka kumpeleka huko anapaswa kujua mambo machache. La kwanza, bustani ya mbwa si shule ya watoto wachanga. Mtoto wa mbwa asipelekwe kabla ya mfululizo wa chanjo kukamilika, yaani akiwa na miezi 4 hivi, na awe tayari amekwisha kuzoea mbwa mmojammoja. Awe pia anaitika anapoitwa, kwa sababu asiyeitika hana namna ya kuokolewa mchezo unapogeuka ugomvi.

La pili, siku ya kwanza mtangulie bila yeye. Simama nje ya ua, utazame ni saa ngapi pana mbwa wachache, na kama wenye mbwa wanawaangalia wanyama wao au wamezama katika simu. Ziara inayofuata, mlete abaki nje ya ua, anuse na kutazama kwa mbali.

La tatu, fahamu kazi ya malango mawili. Bustani nyingi huwa na kijichumba cha ua chenye lango la nje na lango la ndani, ili mbwa asiponyoke. Kamba hufunguliwa hapo katikati, kabla ya lango la ndani. Mbwa aliyefungwa kamba katikati ya mbwa walio huru huhisi amenaswa, hawezi kukimbia wala kujieleza, na hapo ndipo magomvi mengi huanzia. Wakati huo huo, mbwa waliomo ndani hupenda kulikusanyikia lango kumlaki mgeni. Ngoja watawanyike kwanza.

La nne, pakiwa na sehemu ya mbwa wadogo, anzia huko. Usichukue chakula wala mpira, kwani huleta ugomvi. Jike aliye katika joto hapelekwi. Ziara ya kwanza isizidi dakika 15 au 20, na iishe mnyama akiwa bado na furaha. Kinyesi huokotwa na mwenye mbwa, kwa maana humo ndimo hupita minyoo na parvo.

Hapa kwetu, pasipo bustani

Katika mitaa yetu, bustani ya mbwa ni njia ya jioni na kiwanja cha mpira kilicho wazi. Hatari huwa nyingi zaidi, kwani mbwa unayekutana naye huenda hana mmiliki, na hali yake ya chanjo haijulikani. Kwa hiyo mkutano wa kwanza hupangwa, hauachiwi bahati.

Chagua mbwa mmoja unayemfahamu. Kutaneni mahali ambapo si nyumbani kwa yeyote kati yao, kwa sababu mbwa hulinda pake. Watembezeni sambamba, kila mmoja na kamba yake iliyolegea, pakiwa na nafasi ya hatua kadhaa baina yao, kisha mkaribie pole pole. Kamba iliyokazwa humwambia mnyama kwamba bwana wake ana hofu, naye huiamini hofu hiyo. Waacheni wanusane kwa sekunde chache, muwatenganishe kwa utulivu, kisha mrudie.

Jinsi ya kusoma ishara zake

Mbwa hasemi, lakini hanyamazi. Anayetaka kucheza huinamisha kifua hadi chini huku kiuno kikibaki juu, mwili wake ukiwa mlegevu. Katika mchezo wa haki hupokezana: anayemkimbiza mwenzake sasa, baadaye hukimbizwa yeye.

Aliyeogopa hufyata mkia, huvuta masikio nyuma, hulamba midomo ingawa hapana chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, na hujificha nyuma ya miguu ya mwenyewe. Usimsukume mbele ati ajikaze. Ongeza umbali, umpe muda. Kumlazimisha humfundisha kwamba woga wake ulikuwa wa haki na kwamba wewe si kimbilio.

Ishara ya hatari ni ukimya: mwili kukakamaa, macho kukazwa bila kupepesa, mdomo kufungwa ghafla. Hapo mwite wako na muondoke. Ukiwa na shaka kama mchezo umekuwa wa kuonea, mshike kwa upole yule mwenye nguvu. Mdogo akirudi mwenyewe kumtafuta, alikuwa akifurahia. Akikimbia, umepata jibu.

Kichaa cha mbwa: jambo lisilo na mjadala

Yote yaliyotangulia yana nafasi ya kukosea na kurekebisha. Kichaa cha mbwa hakina. Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Miongoni mwa wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, karibu 40 kwa kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara mwisho ni kifo.

Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na ugonjwa huu. Watu wengi hupuuza jeraha la meno yake kwa kuwa ni dogo, na kosa hilo limegharimu maisha. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, na katika kampeni za umma hata walio wadogo zaidi huchanjwa. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya au mwenyekiti wa kijiji chako siku za kampeni.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo na, ngozi ikiwa imetoboka, kingamwili za ziada. Mbwa asiuawe upesi ikiwa anaweza kufungiwa salama, bali aangaliwe kwa siku 10. Uangalizi huo haumaanishi kuchelewesha matibabu ya aliyeumwa.

Kwamba ugonjwa huu unashindika, ushahidi upo karibu. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima ziliukomesha kufikia 2014. Ulirudi 2016, ukiletwa kutoka nje ya kisiwa, na chanjo ikauondoa tena kufikia 2018. Silaha iliyotumika ni sindano kwa mbwa. Wataalamu husema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Haki ya jirani

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Baadhi ya majirani zetu ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ulinzi, uwindaji au mifugo kumeruhusiwa, lakini anayekwenda msikitini hastahili kurukiwa na kulambwa kanzu na mbwa wa jirani, hata kama ni mchanga na anacheza tu. Kamba fupi na neno la kuomba radhi huhifadhi ujirani. Wapo pia wanaoogopa mbwa kwa sababu waliwahi kuumwa utotoni. Usiwaambie “hang'ati”, mvute mnyama kando, wapite.

Mtoto wa mbwa aliyeingia nyumbani wiki hii ana wiki chache tu za kujifunza kwamba mpita njia si adui. Mpeleke kwa daktari apate dozi yake ya kwanza na umwombe ratiba iliyoandikwa. Kisha, baada ya siku 7, mbebe mkae nje ya lango kwa dakika 10, autazame mtaa atakaoulinda.